UZI: Vizazi vya deraya kwenye hadithi za kisayansi, na ubovu uliozaa kila kimoja

Mleta mada:

Habari zenu wakuu.

Kuna ubishi umenifuata kwa miaka mingi, kuanzia vibanda vya gemu mpaka kwenye magrupu: suti ipi ni kiboko ya zote? Mmoja atamtaja Iron Man, mwingine Master Chief wa gemu ya Halo, wa tatu ataleta askari wa Warhammer 40,000, ule mchezo wa sanamu za mezani, kisha watu wanaanza kurushiana namba. Hii inanyanyua tani ngapi, ile inahimili mizinga mingapi. Ubishi wa hivyo haufiki popote, kwa sababu kila namba imetungwa na mtu aliyekaa mezani na kalamu, na akitaka kesho anaongeza sifuri mbili.

Mimi naleta kipimo kingine. Toleo jipya la deraya lipimwe kwa ubovu wa toleo lililotangulia. Tuulize: hili limekuja kutibu ugonjwa gani? Likikosa ugonjwa wa kutibu, basi limepakwa rangi tu.

Nikisema deraya, au suti, namaanisha vazi la vita lenye mtambo wake wa nguvu ndani, linaloongeza nguvu ya misuli ya anayelivaa. Roboti kubwa analoliendesha mtu aliyekaa kwenye kiti nimeliacha nje.

Mzee wao ni kitabu cha Robert Heinlein cha mwaka 1959, Starship Troopers. Wengi tunaijua filamu ya 1997, na ukimwambia mtu kwamba suti ndiyo moyo wa kitabu anashangaa, maana kwenye filamu hazimo kabisa. Askari wa Heinlein anaruka juu ya majengo na kubeba silaha nzito peke yake, lakini jambo kubwa liko kwingine. Ndani ya suti kuna vihisio vinavyopokea msukumo wa mwili. Ukisukuma mkono, suti inausukuma pamoja nawe. Hakuna usukani wala kitufe cha kuinua mguu. Unaivaa, unatembea. Kila suti iliyokuja baadaye, iwe ya kitabu, ya gemu au ya filamu, imekula kwenye sahani hiyo.

Kwenye dunia halisi wazo hilo liligonga mwamba. Mwaka 1965 kampuni ya General Electric ya Marekani ilianza kuunda mtambo wa kuvaa ulioitwa Hardiman, uliokusudiwa kunyanyua kilo 680, nao wenyewe ukiwa na uzito wa karibu kiasi hichohicho. Walipojaribu kuuendesha mzima ukawa unarusha viungo kwa fujo. Mpaka mradi unakufa mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa na mkono mmoja tu unaofanya kazi vizuri. Hata jeshi la Marekani, lililotangaza mradi wa TALOS mwaka 2013 ambao magazeti yaliupa jina la suti ya Iron Man, lilikubali mwaka 2019 kwamba suti kamili haikupatikana.

Kwa hiyo waandishi wenye akili waligeuza swali. Badala ya kuuliza suti itamfanya nini adui, wakauliza itamfanya nini mwenye kuivaa. Joe Haldeman, aliyepigana Vietnam, alitoa The Forever War mwaka 1974. Askari wake wanafundishwa kutumia suti kwenye Charon, ambayo kwake ni sayari ya baridi ng'ambo ya Pluto, na wanakufa mazoezini hata kabla ya kumwona adui. Suti inayokuza nguvu zako inakuza na makosa yako.

Sasa Iron Man, maana najua ndiye mliyemfuata. Alianza kwenye kitabu cha michoro mwaka 1963 akiwa na bati la kijivu. Toleo lililofuata akalipaka dhahabu kwa sababu watu walikuwa wanamwogopa. Hiyo ni rangi, kama nilivyosema. Lakini filamu ya 2008 ilifanya kazi safi sana. Mark I, yaani toleo la kwanza, imechomelewa pangoni kwa vyuma vya makombora, inatosha kumtoa mfungwa pale na kumwangusha jangwani. Mark II inapaa kweli, ila ikifika juu sana inaganda barafu na kuzima. Mark III inabadilishiwa chuma, inawekewa mchanganyiko wa dhahabu na titani, na ule ugonjwa wa barafu unaisha. Halafu angalia ufundi wa mwandishi: ugonjwa huohuo unarudi kwenye pambano la mwisho. Adui ameiba teknolojia ya Mark I na kuikuza, hakupita kwenye shida ya Mark II, hivyo akipandishwa juu anaganda. Ameruka darasa.

Kwangu hiyo ndiyo hadithi bora ya matoleo iliyowahi kuwekwa kwenye skrini, na Mark III ndiyo namba moja yangu. Nawasikiliza, kisha nitashusha gemu za Halo na Fallout.

Mdau wa kwanza:

Mkuu nimekuelewa, ila nina swali linaloniwasha tangu 2013. Kwenye Iron Man 3 suti ya 42 inaishiwa chaji, jamaa anaenda kuichaji kwa betri ya gari kwenye banda la mtoto kule Tennessee. Riakta ya kifuani ilikuwa inafanya kazi gani?

Mleta mada:

Swali zito hilo, na nakubali ni kidonda. Kwenye filamu ya kwanza tunaambiwa ile riakta ya pangoni inatoa gigajouli 3 kwa sekunde. Hizo ni megawati 3,000. Bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji, mitambo yote 9 ikizunguka kwa pamoja, ni megawati 2,115. Yaani kifuani pa mtu mmoja kuna nguvu kuliko Rufiji.

Sasa chukua betri ya gari ya volti 12, ampea-saa 60. Nishati inayotoka kwenye riakta ile kwa sekunde moja tu ni sawa na betri zaidi ya 1,100 zilizojaa. Mtu mwenye kitu kama hicho kifuani hana sababu ya kuomba betri ya gari. Filamu ilihitaji jamaa anyonywe nguvu ili akae na yule mtoto na kutumia akili bila suti. Kama hadithi, sehemu hiyo naipenda. Kwa kipimo changu inaanguka.

Ila suti hiyo ya 42 ina jambo zuri. Inakuja vipande vipande na kumvaa popote alipo, na hiyo ni tiba ya ugonjwa wa kweli: suti za mwanzo zilihitaji karakana nzima ya mashine kumvalisha. Ile ya mkoba ya Mark V, kule kwenye mbio za magari Monaco, ilikuwa jaribio la kwanza la tiba hiyo. Mark VII ikaja kumfuata hewani kwa bangili za mkononi. Unaona mstari unavyokwenda.

Zile za nano, yaani za chembe ndogo mno, kuanzia Mark 50 ya mwaka 2018, wengi wanazisifu. Mimi ndipo hadithi ya matoleo inaponifia mkononi. Suti inajijenga yenyewe, haina njugu wala boliti, hujui kipi kimeharibika. Nitawatendea haki kwa jambo moja: kwenye pambano na Thanos kule Titan unaona vipande vikipungua, suti inahamisha chuma kutoka mgongoni kuziba kifua, mpaka anabaki nusu uchi wa deraya. Huo ni ubovu wa kweli na umeonyeshwa vizuri. Lakini Mark 85 inayofuata haituambii imeutibu vipi.

Fundi wa mitambo:

Nimesoma mpaka hapa nikaona niingie, maana kazi yangu ni haidroliki za ekskaveta na greda.

Kuhusu Hardiman, mleta mada umesema ulirusha viungo lakini hujasema kwa nini. Kati ya opareta kuvuta mkonga na boriti kuitika kuna kuchelewa kidogo. Ukiwa kwenye kiti unakuzoea. Sasa jiweke ndani ya boriti yenyewe. Unasukuma, mtambo unachelewa, unaongeza kusukuma, mtambo unafika kwa kishindo na kupitiliza, mwili wako unashtuka na kurudi nyuma, mtambo nao unasoma ule mshtuko kama amri ya kurudi nyuma. Hapo utatikiswa mpaka uvunjike. Suti ya Heinlein ingehitaji kuitika haraka kuliko neva zako. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko bunduki yoyote mtakayoifunga begani.

La pili ni joto, ambalo kwenye hizi hadithi halitajwi sana. Greda ikifanya kazi mchana kutwa oili inachemka, unaiweka chini ipoe. Mtu aliyefungiwa ndani ya chuma, na mtambo mgongoni, joto lote hilo litatoka nje kupitia wapi?

Mleta mada:

Fundi, asante sana, hii ndiyo sababu nilifungua uzi.

Haldeman aliliwaza joto. Suti zake zina mapezi ya kutolea joto mgongoni, na kule Charon ambako gesi zimeganda kuwa kama barafu, askari wanaonywa: ukiangukia mgongo juu ya ile barafu, mapezi ya moto yanaigeuza gesi ghafla na unalipuka. Kifaa cha kukuponya na joto kinakuua kwa sababu ya baridi.

Na lile la kuitika haraka kuliko neva linanipeleka moja kwa moja kwenye Halo. Deraya zao zinaitwa MJOLNIR. Kitabu cha Eric Nylund cha 2001 kinaeleza kwamba matoleo ya awali yalikuwa yamefungwa kwa waya kwenye jenereta. Wakaja kurusha umeme hewani ili kuondoa waya, lakini ukitoka nje ya eneo la mtambo, au mtambo ukizima, umebaki sanamu. Mark IV ndiyo ya kwanza kubeba riakta yake mgongoni. Ugonjwa na tiba, ugonjwa na tiba.

Halafu ukaja ugonjwa mkubwa kuliko wote. Deraya ilikuwa inaitika haraka mno. Mtu wa kawaida alipowekwa ndani, kila alipojaribu kusogea alivunjika mifupa, na maumivu yalimfanya ajitikise, na kule kujitikisa kukamvunja zaidi. Ni yaleyale aliyoeleza fundi, ila mwathirika hapa ni mifupa. Hawakupunguza kasi ya suti. Walimbadilisha mtu. Watoto waliochukuliwa kwa siri na kufunzwa uaskari waliongezewa mifupa ya kauri, na baadhi yao walikufa kwenye upasuaji. Kwenye gemu unacheza ukifurahia jinsi Master Chief anavyoruka, na ukishasoma kitabu huwezi tena kuruka bila kuwakumbuka wale watoto.

Mark V, ile ya gemu ya kwanza ya 2001, inaongeza ngao ya nishati iliyoigwa kwa adui na nafasi ya akili mnemba ndani ya helmeti. Toleo halali kabisa. Mark VI ya Halo 2, hapa mtanisamehe, naiona ni marekebisho ya Mark V tu. Mwanzoni kabisa sajini mmoja anaeleza kwamba ngao yake inajaa upesi zaidi. Basi. Nimeiweka kwenye kundi la rangi mpya.

Mdau aliyeko Uingereza:

Naomba niwaletee Warhammer, maana mimi huku napaka zile sanamu ndogo kila wikiendi. Kipimo chako mleta mada nakipenda lakini kina tundu: unadhani matoleo yanapanda tu. Askari wa Warhammer wana Mark nyingi za deraya, na ya tano ni hatua ya kurudi nyuma.

Hadithi yake ni hii. Mark IV ilikuwa nzuri, imekusudiwa kuenea kwa wote. Kabla haijaenea vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka, viwanda vikagawanyika, spea hazipatikani. Mark V ikazaliwa kwa kuunganisha masalio: mabamba ya zamani, vipande vya deraya nyingine, na vichwa vikubwa vya njugu mabegani na miguuni. Ugonjwa ilioutibu ni njaa ya vipuri. Mark VI iliyofuata, yenye helmeti ya mdomo wa ndege, iliundwa ili iweze kutengenezeka hata vifaa adimu vikikosekana. Hapo ndipo ufundi ulipo, kwa sababu jeshi lililo mbali na kiwanda linaishi kwa spea.

Na kuna jambo jingine. Sanamu za plastiki za kwanza za askari hawa kuuzwa madukani, mwaka 1987, ndizo zile za mdomo wa ndege. Utaratibu wa kuzihesabu Mark I, II, III ulikuja baadaye. Kwa hiyo toleo la sita ndilo lililozaliwa kwanza, baba na babu zake wakatungwa baada yake.

Mleta mada:

Umenishika pabaya, na umenisaidia. Mark V yenu naiingiza tatu bora leo hii. Mtu yeyote aliyewahi kuendesha gari ambalo kiwanda chake kiliacha kutoa vipuri ataielewa deraya ile kwa moyo wake wote.

Na hilo la kuzaliwa kinyume lipo Fallout pia. Gemu ya 1997 ilikuja na T-51, ikielezwa kama kilele cha deraya kabla ya dunia kuungua mwaka 2077. T-45, ambayo kwa hadithi ni kaka yake aliyetangulia, tulianza kuivaa Fallout 3 mwaka 2008. Waandishi walirudi nyuma wakatengeneza kitu kizito na kibovu zaidi ili T-51 iwe na sababu ya kuwepo. Kazi nzuri. Kisha mwaka 2015 Fallout 4 ikaleta T-60, imara kuliko T-51, ikiwa tayari vitani kabla ya mabomu. Sasa ilitibu nini? Sioni.

Kibaya zaidi ni chaji. T-51 ya 1997 ilielezwa kuwa na mafuta ya nyuklia ya kutosha miaka 100. Kwenye Fallout 4 unatembea kidogo tu, betri imeisha, unatafuta nyingine kwenye magofu. Najua sababu, wabunifu walitaka deraya iwe kitu cha kuwazia kabla ya kukivaa, na kama mchezaji niliifurahia. Walichofanya vizuri ni kuigawa fremu na mabamba: bega likiharibika unabadilisha bega. Hapo mdau wa Uingereza utakubaliana nami.

Mdau wa Mombasa:

Salaam aleikum jamani. Nimewasoma wote kwa raha, lakini mleta mada, hilo la Mark VI ya Halo kuwa rangi mpya silikubali, nami nasema kama mtu wa Mombasa.

Halo 2 ilitoka 2004. Master Chief anavaa Mark VI angani, na pahala pa kwanza anaposhuka nayo duniani ni kwetu. Mombasa ya kale, kuna mpaka jengo limeandikwa Hotel Zanzibar, kisha daraja refu la kuingia kisiwani. Siku yenyewe kwa hadithi yao ni tarehe 20 Oktoba 2552. Wewe na Mark VI yako unapita vichochoroni, ngao ikiisha unajibanza nyuma ya ukuta, unahesabu kidogo, unatoka tena mzima. Humo hamna mstari wa afya wa kuutazama wala kisanduku cha dawa cha kutafuta, kama ilivyokuwa kwenye ile ya kwanza.

Ikaja gemu ya Halo 3: ODST, 2009. Mji uleule, siku ileile, usiku wake. Humo humvai Master Chief. U askari wa kawaida, deraya yako haina mtambo, ngao huna. Ukianguka kutoka juu unaumia. Risasi zikikupata damu yako yapungua na hairudi, mpaka ukimbie barabara nzima kutafuta kisanduku cha dawa ukutani. Majina ya mitaa ni yetu: Kizingo, Kikowani. Mimi nilicheza ile gemu mvua inanyesha kwenye skrini na taa za mji zimezimika, najificha mlangoni pa duka kwenye mtaa wenye jina ninalolijua tangu utotoni, na doria yote ya adui yapita mbele yangu. Pale ambapo Mark VI ingesimama katikati ya njia, mimi nilijibanza nikashika pumzi.

Sasa niambie, ile "ngao inajaa upesi" ni jambo dogo? Mchezaji wa Mark V alikuwa na ngao na bado alitafuta dawa. Wa Mark VI amesahau dawa kabisa. Ugonjwa uliotibiwa ni ule wa kusimama vita ili kujitibu. Na kipimo chake hukipati kwenye karatasi za kiwanda, wakipata kwa kupita mtaa mmoja mara mbili, mara umevaa, mara hukuvaa.

Fundi wa mitambo:

Mwenzetu wa Mombasa kaongea. Mimi naongeza moja: mtambo unaopunguza muda wa kulala gereji ni toleo jipya, hata kama injini ni ileile. Kwenye kazi yetu hiyo ndiyo hesabu ya kwanza bosi anayouliza.

Mleta mada:

Nimesoma mara mbili kabla ya kujibu.

Nilikuwa naitafuta Mark VI ndani ya Mark VI, nikilinganisha na karatasi ya sajini. Sikuwaza kuitafuta kwenye gemu ambayo mchezaji hapewi aivae. Narekebisha msimamo wangu: Mark VI si rangi, ni toleo kamili, na ugonjwa wake ni huo alioutaja mdau, kusimama vita ili kujitibu. Iron Man Mark III inabaki juu kwa ajili ya lile pambano la barafu. Ya pili ni Mark VI ya Halo, ya tatu Mark V ya Warhammer. T-60 bado iko nje mpaka mtu aniletee ugonjwa wake.

Leo usiku naiwasha ODST upya. Mdau wa Mombasa, nikifika Kizingo nitarudi hapa na maswali, usiende mbali.